Mstari Uliojiandika Wenyewe

Wiki iliyopita nilikuwa nangoja karatasi zangu zichapishwe katika duka moja la mtaa wa Mwisenge. Ghafla mwenye duka akaondoa mikono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza.

"Kumbe inajiandikaga yenyewe!"

Dada huyu pia hutengeneza programu za kompyuta. Yeye na mwenzake walikuwa wameunda moja ya kuwakumbusha kina mama siku za kliniki ya watoto kwa ujumbe wa simu. Siku ya kuionyesha kwa wageni, iligoma kuwaka. Juu kabisa ya maandishi ya programu yao palikuwa na mstari ulioiamuru kompyuta ichukue kitu ambacho hakikuwepo, nayo ikakwama. Alimnyooshea mwenzake kidole mbele ya watu: "Ni wewe umeharibu!" Mwenzake alikana, hakusikilizwa, akarudi kwao Bunda.

Sasa dada alikuwa ameandika neno moja tu, na ile programu nyingine anayotumia kuandikia kazi zake, kwa kujifanya inamsaidia, ikaongeza juu mstari uleule bila kuombwa.

Alimpigia mwenzake simu palepale, akaweka sauti ya nje.

"Kaka, nisamehe. Hukuwa wewe. Ilikuwa kompyuta."

"Nilikuambia, dada."

"Basi rudi tuendelee."

"Nimekusamehe. Lakini wale wageni, na wao utawapigia?"

Simu ilipokatika, dada alinikabidhi karatasi zangu bila kuniangalia.

Kompyuta ilikosea mstari mmoja. Kile kidole, msomaji wangu, hakuna mashine iliyokinyoosha.