Kigimbi cha Elia

Elia wa Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, hakuwa nahodha wala mwenye boti. Kazi yake ilikuwa kuruka. Kwao hakuna gati, ni mawe tu, na boti ikikaribia nchi kavu lazima mtu mmoja aruke kutoka mbele na kamba mkononi, aishike kabla mawimbi hayajaipigiza. Kwa miaka tisa mtu huyo alikuwa Elia. Mwili wake ulikuwa mwembamba, lakini vigimbi vilijaa hasa, hata wanawake wa Kibirizi, boti zinakoshusha abiria mjini Kigoma, wakamtania kwamba ameviazima.

Mimi ni Sia, muuguzi, mtu wa Moshi niliyeletwa Kigoma bila kuulizwa. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi walivuka ziwa kutoka Kongo kwa maelfu, na kwenye zahanati yetu wagonjwa walilala hadi kwenye ngazi. Boti ya Mzee Leonardi, aliyokuwa akifanyia kazi Elia, nayo iliwabeba. Siku moja, boti imejaa watu na ziwa limechafuka, Elia aliruka akasikia kitu kimemchapa nyuma ya mguu. Aligeuka kumtafuta aliyempiga jiwe. Hakumwona mtu.

Aliletwa kwangu akichechemea. Nyama ya kigimbi ilikuwa imechanika. Nilimweleza harakaharaka kwamba paja lina nguvu zake, lakini anayemaliza kazi ya kuruka ni kigimbi. Ndicho kinachokibandua kisigino na kuusukuma mwili juu. "Pumzika wiki sita," nikasema, nikampa vidonge, nikaita mwingine. Sikumwambia asikandwe. Na nilijua! Kigoma nzima mguu ukiuma unakandwa kwa mawese ya moto, na anayekanda ni mama.

Mama yake, Bi Veneranda, akakanda. Asubuhi na jioni, wiki mbili, kwa mikono iliyokamua mawese maisha yake yote. Elia aliuma kanga asipige kelele. Kila alipokandwa, jeraha la ndani lilifunguka upya na damu ikavia.

Mzee Leonardi si mtu mbaya. Alimwekea nafasi yake hadi Pasaka. Baada ya hapo, alisema, atamchukua mwingine, maana watu wanavuka kila siku na boti haiwezi kukaa bila mrukaji.

Wiki moja kabla ya Pasaka walikuja wote wawili, mama na mwana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, muganga. Tumemkanda vizuri. Sasa mpe ruhusa arudi kazini."

Nikamwomba mama atupishe kidogo. Alipotoka, nikamwambia Elia asimame kwa mguu ule mmoja, ainue kisigino. Akashika meza yangu. Paja likakaza, shingo ikakaza, jasho likamtoka. Kisigino hakikubanduka. Kigimbi kilikuwa kimepona kifupi na kigumu, mithili ya kamba iliyokauka juani.

"Nauamuru, dada," akasema. "Hausikii."

Akajaribu tena. Mara ya tatu nikamshika bega aache. Sikuwa na dawa, wala daktari wa kumpeleka kwake. Nilitamani kulia, na nikajikasirikia kwa kutamani hivyo, kwani mguu haukuwa wangu.

"Ni kule kukandwa?" akauliza.

"Ndiyo. Na mimi sikukukataza."

Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Kisha akasema polepole, "Mama asijue. Mwambie ni siku ile niliyoruka."

Nikatoka nje. "Mama," nikasema, "mguu uliharibika siku ileile aliporuka. Hakuna ambacho kingeusaidia."

Bi Veneranda akalia kidogo, akajifuta. Kisha akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumhudumia mwanawe. Mikono yake ilikuwa na nguvu ajabu, na sikuweza kuitoa yangu.