Kicheko Nilichokiita Jeni

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tabora, na siku ya wazazi nilijiaibisha mchana kweupe. Neema wa kidato cha nne alikuja na baba yake, mkulima wa Kwihara. Walicheka kwa namna moja, mabega yakitikisika. Nami, mjuaji, nikawaita wanafunzi wenzake: "Njooni muone jeni! Kicheko hiki Neema amekirithi kwa baba."

Neema akaniambia taratibu, "Mwalimu, huyu ni baba yangu wa kambo. Amenilea tangu nikiwa mchanga. Jeni zake sina, kicheko nimekiiga tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule baba akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Asante sana, mwalimu. Hakuna aliyewahi kuniambia tunafanana."