Itamtosha Mwakani

Nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuvaa kiatu cha saizi yake. Nalisema hili bila haya, maana mnunuzi ni mimi, na kununua najua. Sketi ya shule naichukua inayofika kifundoni, mama yao anakunja pindo mara mbili, na kila Januari anafumua mkunjo mmoja. Viatu tunavitia karatasi kwenye ncha. Mtoto akilalamika anajibiwa, "Itakutosha mwakani." Newala nzima tunanunua hivyo na sijasikia aliyekufa.

Basi binti yetu wa mwisho, wa miaka kumi na tano, alipohitaji chombo cha kwendea shambani, sikuona la kuniumiza kichwa. Shamba letu la mikorosho liko mbali na nyumba, upande wa Mkunya, na njia yake ni mchanga mtupu. Magoti yangu yameshagoma. Kaka zake wameoa na kuhama. Kila Jumamosi yeye ndiye anayewapelekea vibarua maji na chakula, na mwaka jana pikipiki aliyoazimwa na mjomba wake ilizama mchangani, ikamlalia na kumvunja mkono. Niliapa kwamba chombo cha magurudumu mawili hatapanda tena. Kumkataza shamba sikuweza, kwa sababu analipenda kuliko ninavyolipenda mimi.

Nikasikia kuna fundi Masasi anauza pikipiki za matairi manne, zile zinazotembea kwenye mchanga kama ziko kwenye lami. Alizipata kwa wapima madini waliofunga kambi yao. Mpya sina ubavu nayo, ila kuukuu nikajua nitaimudu. Nikamchukua binti, nikachukua na helmeti niliyokuwa nimeshamnunulia, tukashuka Masasi asubuhi.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kufuma na mikono myeusi kwa oili. Binti alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatupeleka uani. Zilikuwa mbili. Moja ndogo, fupi, nikaiona kama mchezo wa watoto. Ya pili kubwa, ina kifua, nyuma ina chuma cha kufungia mizigo. Bei zake zilipishana kidogo sana. Mtu mwenye akili ataacha kubwa achukue ndogo kwa bei hiyo?

"Nachukua hii kubwa," nikasema.

"Ya nani?" fundi akauliza.

"Ya huyu binti."

Akamtazama binti, akanitazama mimi. "Ana kilo ngapi?"

Nikamwambia mimi hupima magunia ya korosho, si watoto. Gunia la korosho nikilinyanyua kidogo tu nakutajia uzito wake, na mizani ya ghalani haipishani nami sana. Uzito wa mwanangu sikuujua.

"Ntoto huyu hafiki nusu ya gunia lako hilo la korosho," alisema fundi. "Chombo hiki hakigeuzwi kwa usukani peke yake. Kinageuzwa kwa mwili. Asipokuwa na uzito wa kukilalia, kwenye mteremko kitamlalia yeye."

"Atakua," nikasema. "Itamtosha mwakani."

Mafundi wengine waliokuwa pembeni wakaitikia kwamba mzee kasema kweli, mtoto hununuliwa cha kukulia. Nikajiona bingwa.

Fundi hakubishana. Alimwambia binti apande ile kubwa, azunguke ua taratibu. Binti akavaa helmeti, ikamshukia hadi puani. Akaivua, akaniangalia, akaivaa tena kwa kuirudisha nyuma. Alipokaa, vidole vyake viliigusa breki kwa kucha tu. Akawasha. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili alipofika kwenye lundo la kifusi, alitaka kukata kona na chombo hakikukubali. Tairi la mbele likapanda kifusi, upande mmoja ukanyanyuka, na mwanangu akabaki ananing'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Fundi alimfikia kabla yangu. Akazima, akaegemeza bega lake, matairi yakarudi chini kwa kishindo.

Magoti yangu yanayogoma yalikuwa yamenikimbiza hadi pale bila kuniuliza. Nilimshika mkono ule uliovunjika mwaka jana, nikaukagua kidole kwa kidole. Niliogopa, na nilijionea aibu mbele ya watu wote wale.

Binti alivua helmeti. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba, mimi napanda wiki hii. Sipandi mwakani."

Nikamwonyesha fundi ile ndogo kwa kidole.

Fundi akamkalisha kwenye ile ndogo. Nyayo zikalala vizuri mahali pa kukanyagia, magoti yakakunjika kidogo. Akamwambia asimame, akatazama kama anatoka kwenye kiti. Vidole vikaizunguka breki yote. Kisha akakaza skrubu kwenye mkono wa kuongezea mafuta ili isikimbie zaidi ya mtu anayetembea haraka, akanionyesha pa kulegezea atakapoizoea. "Ya shambani tu," alisema. "Barabarani isikanyage. Na hiyo helmeti kaivae wewe." Nikacheka, maana kweli ilinienea. Ya kwake tulinunua sokoni, saizi yake, akaijaribu mara tatu na mimi nikasubiri.

Tuliipandisha ile ndogo kwenye kenta hadi Newala. Jumamosi iliyofuata binti alifunga dumu moja la maji nyuma, maana mawili haibebi, akaingia njia ya mchanga mwendo wa kobe, mgongo umenyooka. Mke wangu alisimama nami mlangoni akimtazama, na nikajua anachopima, maana ndiye mkunja pindo wa nyumba hii.

"Umenunua ndogo," alisema. "Mwakani itambana."

"Naomba Mungu imbane," nikamjibu.