Maua ya Ng'ombe

Bwana yangu hakuwahi kuniletea ua hata moja. Nimemzalia watoto sita, nimemfulia mashati ya mugodi mpaka akastaafu, na ua sikuliona. Kwa hiyo alipoanza kuwapandia ng'ombe maua, nilinuna, tena kwa haki yangu.

"Haiko maua, mama," alisema. "Iko trefle. Trefle nyekundu. Ni chakula ya ngombe."

Shamba letu liko upande wa Kinsevere, kipande kidogo chenye kijito. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja na ndama wake. Huku kiangazi kikija majani yanakauka kama ufagio, na maziwa yanakatika. Ndama wa kwanza alitufia hivyo. Bwana akasema huyu naye akifa, atamuuza mama yake, turudi mjini Katuba tukae tukitazamana. Katuba naipenda, lakini kumtazama yeye kutwa nzima? Weee!

Alipanda mvua zilipokaribia kwisha, kisha akamwagilia kwa ndoo. Trefle ikaota, vijani vitatu vitatu, halafu ikaanza kutoa vichwa vyekundu-vyekundu, na nyuki wakaja. Bwana naye akahamishia kiti chake huko.

"Mama," jirani alinipigia kelele juu ya uzio wa miti, "bwana yako anasalimiaka maua!"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na huyu wangu alikohoa asubuhi mpaka jioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba trefle hukatwa maua yakianza tu, ukichelewa inakuwa vijiti. Sasa nikimwambia tukate, ndama anakonda, ananijibu: "Ngoja kwanza. Ile ya kule haijafunguka."

Asubuhi moja ng'ombe alimwita ndama wake, naye hakuinuka. Nilichukua mundu nikashuka kijitoni, ugomvi tayari mdomoni. Nikamkuta bwana amepiga magoti, anakata, mikono ya shati imelowa umande, pua inamtiririka.

"Usiniambie kitu," alisema.

Nilipiga magoti kando yake nikakata. Tuliianika kwanza inyauke, tukaichanganya na majani makavu, maana ikiliwa mbichi tupu ng'ombe anavimba tumbo. Mama mtu alikula amefumba macho. Siku zile nilimwomba Mungu kwa ajili ya matiti ya ng'ombe, na sioni haya kusema. Maziwa yakarudi kidogo kidogo. Ndama akanyonya mpaka povu likamjaa mdomoni, na siku aliponipiga teke la kwanza nilipiga vigelegele peke yangu zizini.

Jioni hiyo bwana alikuja jikoni, mkono nyuma. Akanipa ua moja la trefle, limelegea shingo.

"Hii nilificha," alisema. "Usiambie ngombe."

Machozi yalinitoka, mimi mjinga. Nikayafuta kwa kitenge, nikalitazama lile ua, nikamtazama yeye.

"Moja tu?" nikamuuliza.