Sauti ya Ofisi ya Maji

Pale ofisi ya maji walimwita Fundi Maneno, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitungia maneno mashine ya kupokea simu. Zamani alikuwa muuguzi. Aliona wateja wanakata simu kwa sababu mashine ilikuwa kavu, akaitia utu: ivute pumzi kabla ya kujibu, iseme "ehe" mtu akieleza shida, na akinyamaza imwambie, "Nipo, nakusikiliza." Watu wakaipenda mno.

Kila Ijumaa alisikiliza simu zilizorekodiwa ili arekebishe palipokwaruza. Humo akamkuta mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Alianza kwa kuulizia bomba lililovuja. Bomba likatengenezwa, naye akaendelea kupiga, akiisemesha ile sauti ya kike ya mashine kama mtu. "Hujambo, binti? Umeamkaje?"

"Babu kapata mchumba!" wenzake wakatania, naye akacheka.

Ijumaa moja akafungua simu ya mzee ya juzi yake. Alikuwa anahema.

"Binti, kifua kinanibana."

"Ehe."

"Upo?"

"Nipo, nakusikiliza."

"Haya, vizuri. Wewe umeshakula?"

Kisha kimya. Mashine ikarudia, kwa upole uleule aliouchagua Fundi Maneno: "Nipo, nakusikiliza." Ikarudia tena na tena, mpaka simu ikakatika.

Alikwenda nyumbani kwa mzee. Aliyemfungulia alikuwa binti wa marehemu, msusi. Walikuwa wameshazika.

"Saluni yangu ni hapo ng'ambo ya barabara," msusi alisema. "Kwa nini baba hakuniita?"

"Aliipigia mashine yangu, dada. Ilimwambia ipo."

Msusi alimtazama, akafunga mlango taratibu.

Fundi Maneno aliliondoa neno lile, "Nipo." Sasa mashine hutangulia kusema kwamba si mtu, na anayelalamika maumivu huunganishwa na mhudumu. Wakubwa walinung'unika kwamba imepoa. Akawaambia wakitaka kulirudisha neno lile, watafute fundi mwingine. Lakini limemganda. Mwanawe akiita kutoka chumbani, "Mama, upo?" ulimi unakataa, huinuka akamfuata.

Baada ya miezi, msusi alikuja ofisini, akaomba kuisikia simu ile ya baba yake. Walikaa bega kwa bega, wakagawana spika za masikioni. Baba alipouliza, "Wewe umeshakula?" msusi aliangua kicheko, kisha machozi.

"Ndiye yeye huyo," alisema. "Rudisha hapo kidogo, shoga."