Maji ya Kina Kirefu, Ifakara

Mdogo wangu wa mwisho, anayesomea mambo ya bahari chuoni, alikuja Ifakara likizo na kompyuta yake. Mwalimu wake alikuwa akichagua wanafunzi wachache wa kwenda na meli ya utafiti. Kila mmoja alipewa vipimo vya maji ya bahari avipigie hesabu kwa programu, atume kabla ya saa kumi jioni.

Saa nane majibu yake yalikuwa bado yanakataa. Yalizidi kidogo yale ya mfano aliyopewa na mwalimu, kila mstari. Mimi nilikuwa naingia na kutoka. Nilifagia uwanja ambao nilishaufagia. Shule niliiacha mapema ili huyu na kaka yake wasome, na sasa sikuwa na la kumsaidia.

Kwetu, tangu wazazi wafariki, aliyekwama husimulia tatizo lake mbele ya wenzake kabla hatujala, hata kama hawaelewi. Wali na perege vikafunikwa. Kaka yake, aliyetoka shamba kijijini Mbingu na njaa yake, akamwambia asimulie upesi.

"Bahari yenyewe umeiona mara ngapi, mpaka uipimie joto ukiwa Ifakara?"

"Nyamaza, kaka."

Akaeleza kwamba maji ya chini kabisa hubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na kule kubanwa huyapasha joto kidogo. Ndiyo maana programu inapiga hesabu: maji hayo yakipandishwa juu, bila kupokea wala kutoa joto njiani, yangekuwa na joto kiasi gani? Hapo ndipo maji ya kina tofauti yanaweza kulinganishwa.

Nilitaka tu aendelee kusema. "Unayapandisha mpaka wapi?"

"Mpaka juu kabisa, dada."

"Na programu unaiambiaje kwamba ni juu?"

"Naandika mgandamizo wa juu. Elfu moja na kumi na tatu, ule wa hewa tuliokariri sekon..."

Hakumalizia. Aliivuta kompyuta. Baadaye alitueleza kwamba programu ile haihesabu hewa, inahesabu uzito wa maji peke yake, tena kwa kipimo kingine. Juu ya bahari ni sifuri. Kwa namba yake, maji yalikuwa yamepandishwa yakaachwa njiani, karibu mita elfu moja chini.

Akaandika sifuri. Majibu yakalingana. Akatuma, kaka yake akafunua sufuria.

Siku mbili baadaye jibu lilikuja: amechaguliwa. Akanisomea kwa sauti, halafu akaniangalia.

"Dada, hujafurahi?"

Nikamwambia nimefurahi sana. Nikamuuliza meli itakaa majini muda gani, na huko katikati simu zinashika mtandao? Alisema hazishiki. Nikachukua beseni, nikaanza kufua nguo zake, hata zilizokuwa safi.