Korido Iliyonyooka

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikisahau nilikoweka miwani. Naikumbuka kwa harufu: majivu ya jikoni, mchanga uliopigwa na jua, na saruji mbichi kutoka kila upande wa Kariakoo. Kaa, acha kuangalia saa. Umeniambia ofisi yako imeanza kupata wateja mpaka unachora huku unakula, nami nimefurahi. Lakini hata mimi niliwahi kuchora huku ninakula, na nusura nisahau ninamchorea nani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili saruji ilikuwa haipatikani, bati halipatikani, hata msumari ulikuwa unaokotwa na kunyooshwa. Watu wakakaa na nyumba zao za udongo na makuti, zimeinama. Halafu mambo yakafunguka. Mkonge ukauzwa vizuri, kahawa ya kwetu Kilimanjaro ikauzwa, bandarini meli zikawa zinangojana, na mwenye kibarua akapata cha kuweka. Kariakoo nzima ikashikwa na homa ya kujenga. Na wakubwa wa mji hawakuruhusu mtu kupanga tofali hata moja bila ramani. Hapo ndipo sisi wachora ramani tulipopata ulaji wetu.

Mimi kuchora nilifundishwa na Bwana Kanti, Mhindu mmoja mkimya aliyekuwa na ofisi ghorofani kule Uhindini. Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichekesha. Kila akichora nyumba ya ghorofa anaanza na ngazi, vyumba baadaye. Na ngazi ikishajengwa anakwenda mwenyewe na mwanzi mrefu, anaupandisha, anaugeuza kwenye kona, anauteremsha, mafundi wanamtazama. Hakuniambia anapima nini, na mimi sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kijana anayejiona anajua hilo halimwingii.

Nikaagana naye vizuri, nikapanga chumba cha mbele karibu na Msimbazi, nikaweka meza, rula na kibao chenye jina langu. Nilikuwa natoka nje kukisoma kile kibao kama vile kimeandikwa na mtu mwingine.

Sasa sikiliza. Nyumba ya Kariakoo unaijua: baraza mbele, mlango katikati, korido inakwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Sita. Kila fundi aliweza kuijenga amefumba macho. Mimi nikakaa na penseli yangu nikagundua jambo. Ukiibana ile korido, ukaipinda baada ya chumba cha kwanza, ukaipinda tena kabla ya uani, unapata vyumba vinane kwenye kiwanja kilekile. Vinane! Na mji umejaa wapangaji. Wenye viwanja walinijia kama nzi kwenye embe. Watoto wa mjini wakaniita Mchagga wa Vyumba Vinane, na mimi nikaitika.

Katika waliokuja alikuwemo Rajabu, karani wa bandarini, kijana wa rika langu, mtanashati, mwenye marafiki wengi wenye akiba. Aliniambia wazi kwamba nikimpendeza yeye, makarani wenzake wote watanifuata. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bi Hidaya, mjane, ya udongo, paa limeshuka mpaka unaingia umeinama. Rajabu alitaka kumjengea ya tofali. Nikachora. Akaipenda, akaikunja vizuri. Siku mbili tatu baadaye akarudi amenuna kidogo, akasema, "Mama anataka kukuona kabla hatujaipeleka kwa wakubwa wa mji. Nenda tu umridhishe, wazee unawajua."

Nikamkuta uani anapeta mchele. Mama mdogo wa mwili, mkavu, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe fundi wa makaratasi? Karibu. Hiyo karatasi yako mimi siisomi. Nichoree chini niione."

Kiwanja cha jirani kilikuwa kitupu, nyumba imeshabomolewa inangoja saruji. Akanipa karai la majivu ya jikoni kwake. Nikapima kwa hatua, nikaichora nyumba yake yote juu ya mchanga, ukubwa wake uleule, kuta kwa majivu. Nilijisikia raha, sikufichi. Rajabu akatoka ndani, majirani wakasogea kutazama, wengine wanauliza ramani kama hii inapatikanaje.

Bi Hidaya akasimama mbele ya mlango wa majivu, akapiga hodi. Watu wakacheka, nikamkaribisha. Akaingia. Akatembea polepole, fimbo mkononi, haigusi mstari hata mmoja. Akauliza chumba chake kiko wapi. Nikamwonyesha: cha nyuma, karibu na jiko, maana vya mbele vina kodi nzuri. Akawaambia vijana wanne wa jirani wakamletee kitanda chake cha kamba.

Mimi na Rajabu tukatazamana. Tulidhani anataka kuona kama kitaenea. Kilipowekwa ndani ya kile chumba cha majivu, Bi Hidaya akapanda, akalala chali, akajifunika kanga mpaka usoni.

"Nitoeni," akasema. "Na msikanyage majivu. Hayo ni ukuta."

Rajabu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, uchuro huo mbele za watu."

"Kufa si uchuro. Nibebeni."

Wakamnyanyua. Wakaingia koridoni, wakafika kwenye kona ya kwanza. Wakajaribu kugeuza, wa mbele akakanyaga ukuta. Wakarudi nyuma, wakainamisha upande mmoja, mama wa watu akashika mbao za kitanda asidondoke. Wakajaribu tena. Kitanda hakikugeuka. Hakuna aliyecheka sasa. Mmoja wao akaniuliza mimi, "Bwana, tumpitishe wapi?" Nikaangalia ramani yangu mwenyewe. Palikuwa na njia moja tu: kurudi uani, kupita kimlango cha nyuma, ubavuni mwa choo, kwenye uchochoro wa maji machafu.

Wakampitisha huko. Walipomweka chini upande wa pili akajifunua kanga, akakaa kitako, akanitazama. Nilitegemea matusi. Ningependelea matusi.

"Baba," akasema, "kwenu mlimani wanawake wanakwenda kuzika?"

Nikamwambia ndiyo, kwetu tunazikana palepale migombani, wote tumesimama.

"Sisi hatuendi makaburini. Marehemu mume wangu alipobebwa, nilisimama pale uani na wenzangu. Nikamwona anapita koridoni, nikamwona mpaka mlango wa mbele, nikaona wanaume wa mtaa wamesimama barazani kumpokea. Basi. Hapo ndipo nilipomzika mimi. Ile korido, baba, ndiyo makaburini kwetu. Sasa wewe umeipinda."

Akajifuta majivu miguuni. Halafu akaongeza neno. Alisema kiwanja ni chake lakini fedha ni za mwanawe, na hataki ugomvi na mtoto aliyemtoa tumboni. Mchoraji ndiye ajuaye nyumba. Nikisema ipinde, atanyamaza, atakaa humo.

Rajabu ananitazama, mama ananitazama, mtaa mzima unanitazama. Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Nitaangalia." Mwanangu, hilo ndilo neno la mwoga mwenye elimu. Niliokota rula yangu nikaondoka.

Sikwenda ofisini. Nilikwenda moja kwa moja Uhindini kwa Bwana Kanti, nikamweleza yote. Alikuwa anachonga penseli. Alipomaliza kuichonga akasema, "Kijana, ule mwanzi wangu ulidhani ni wa nini?"

Wahindu, mwanangu, maiti wao hubebwa kwa machela ya mianzi. Anayekufa ghorofani lazima ateremke, na watoto wake hawataki kumsimamisha wima kwenye kona kama gunia. Miaka yote ile nilishika upande mmoja wa ule mwanzi nikimcheka moyoni.

"Sikukufundisha hilo," akasema, "kwa sababu nilidhani unalijua. Kwenu watu hawafi?"

Sijawahi kukaripiwa kwa upole kiasi kile, na sijawahi kuona haya kama siku ile. Ungenikuta barabarani wakati narudi usingenisalimia.

Kesho yake nikachora vyumba sita. Korido pana, imenyooka, na chumba cha Bi Hidaya mbele, dirisha barazani. Nikampelekea Rajabu. Akaifungua, akahesabu vyumba kwa kidole, akaikunja.

"Kumbe nimekuita uje kunipunguzia nyumba," akasema. "Hii hata fundi wa mtaani ananichorea. Wewe una faida gani?"

Nikamwambia ya vinane sitaichora tena, si kwake wala kwa mwingine. Akaondoka, na wale makarani wenzake wakaondoka naye. Wenye viwanja waliosikia kwamba Mchagga wa Vyumba Vinane ameacha vinane wakatafuta mwingine wa kupinda. Kile kibao changu nikawa nakisoma peke yangu. Nilikuwa na hofu, nakwambia kweli. Jioni nilikuwa nafunga mlango nikijiuliza kama nirudi kwetu nikalime kahawa, maana kahawa ndiyo iliyokuwa inalipa.

Zikapita wiki. Siku moja Rajabu akaingia bila hodi, akakaa, akavua kofia.

"Ile ya sita bado unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Jana nimerudi kutoka kazini nimemkuta mama amekaa koridoni, chini, mlango wa mbele wazi. Nikamuuliza, mama, unaangalia nini? Akasema, 'Namwangalia baba yako.' Nimelala macho wazi, ndugu yangu. Ilete hiyo ramani."

Nyumba ikajengwa. Bi Hidaya akakaa dirishani kwake miaka kadhaa, anajua nani amepita na kanga mpya na nani amepita na ya kuazima. Kila nilipopita alikuwa akinitania, "Fundi wa makaratasi, leo umempinda nani?" Nami nikimjibu kwamba nimeacha. Na ofisi? Ilirudi taratibu. Hawakuja tena wenye viwanja wanaotafuta kodi peke yake. Walikuja watu na mama zao.

Alipofariki niliitwa mapema. Mimi si wa dini yao, nikasimama barazani na wanaume wa mtaa, kofia mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Nikaliona jeneza linatoka uani, alikooshwa, wanaume wanne, hawakuinama, hawakugeuza, hawakusemezana. Lilikuja moja kwa moja. Na nyuma yake, mwisho wa korido, kwenye mwanga wa uani, niliwaona wanawake wamesimama pamoja, binti zake, majirani zake, wanamwangalia. Walimwona njia nzima, mpaka mlango wa mbele, mpaka tukampokea. Nililia pale, na sikujali nani ananiona. Rajabu, aliyekuwa amebeba mbele, alipofika usawa wangu aliniambia neno moja tu. Alisema, "Amepita."

Wamesema wazee, nyumba njema si mlango. Ni kweli. Lakini mimi nimejifunza kuuangalia mlango hata hivyo, na njia ya kuufikia. Wamesema pia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wachoraji, mwanangu, maisha yetu yote tunawatandikia watu vitanda ambavyo hatutavilalia.

Kwa hiyo shika hili. Wakati mji unapoinuka, kila mtu huja na haraka yake, na mwenye haraka huhesabu vyumba. Mpe vyumba vyake, huo ndio mkate wako, sikukatazi. Ila kabla hujapeleka ramani, muulize aliye kimya kule nyuma, anayepeta mchele, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi: humu ataingiaje mtoto anayebebwa, na atatokaje mzee anayebebwa? Akikujibu, msikilize mpaka amalize. Na ukiulizwa mbele za watu, usiseme utaangalia. Sema unaloliona.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wateja wabishi na subira ya kuwasikia. Nyumba zako ziingiwe na maharusi, watoto walie ndani, zisipungukiwe na wageni barazani. Na mimi siku yangu ikifika, mnitoe kwa mlango wa mbele, taratibu, mama yako akiwa amesimama pale uani. Nimeipima mwenyewe hii korido. Ataniona mpaka mwisho.